Kuosha Bila Povu

Kinyozi aliyeniuzia tangi alinipa na ushauri wa bure. "Lipige sabuni ya unga, kaka, sugua na stilwaya. Jioni hii hii linang'aa kama limetoka dukani." Lilikuwa limekaa barazani pa kibanda chake, Temeke, kwa muda ambao mwenyewe alishindwa kuutaja. Samaki walikufa zamani. Ndani mlikuwa na chaja za mashine za kunyolea, chupa mbili za spiriti na gazeti lililojikunja kwa jua. Sentimita 80 kwa 35 kwa 40, kioo cha milimita 6: lita 112 likijazwa hadi ukingoni. Akaniongezea ndoo yenye pampu ya chujio, pampu ya hewa, mipira iliyokakamaa, sponji jeusi na hita. Nikalipa, nikashukuru, tukalifunga kwenye bajaji kwa kanga mbili na kamba ya katani. Ushauri niliuacha palepale barazani.

Hili ni tangi la saba la mtumba kupita mikononi mwangu, na sasa naweza kukiri. Wafugaji wenzangu wa samaki wa mapambo huisubiri siku ya kuingiza samaki. Mimi raha yangu iko kwenye majuma yanayotangulia, tangi likiwa tupu uani, nami nimechuchumaa mbele yake na wembe mkononi. Wapo wanaoiona kazi hiyo kuwa ya utangulizi tu, kama kukata vitunguu kabla ya kupika. Mpishi yeyote atakuambia pilau huharibikia kwenye vitunguu.

Nianze na sabuni, maana ndiyo inayonigombanisha na watu. Tumelelewa kuamini kwamba safi ni kile kilichotoa povu na sasa kinanukia. Shati, sakafu, sufuria, mtoto asubuhi ya Idi: vyote hupimwa kwa pua. Tangi la samaki linakikataa kipimo hicho. Sabuni hufanya kazi kwa kuyalegeza maji mpaka yapenye chini ya mafuta na kuyang'oa. Matamvua ya samaki, yale anayopumulia, yamefunikwa na utelezi mwembamba unaomlinda, na sabuni haijui kuutofautisha utelezi huo na mafuta ya sufuria. Kusuuza nako hakusaidii sana, kwa kuwa sabuni haikai juu juu. Silikoni ya kwenye pembe, sponji, plastiki iliyochanika kwa jua, vyote huinywa na kuirudisha kidogokidogo, siku ambayo samaki wameshaingia na wewe umeshasahau.

Jambo hili sikufundishwa na mfugaji wa samaki. Bibi yangu, kule Pangani, alikuwa na mtungi wa maji ya kunywa ambao sabuni haikuwahi kuugusa. Aliusugua kwa mchanga laini na dodoki, akausuuza mara tatu, akaupindua juani juu ya mawe mawili upigwe na upepo, na kabla ya kuujaza aliufukiza ubani. Siku moja, nikiwa na umri wa kujipendekeza kwa wakubwa, niliuosha kwa sabuni ya mche ili nimfurahishe. Hakunigombeza. Aliunusa, akautoa nje, ukawa wa kunyweshea kuku. "Udongo hunywa, mjukuu wangu," alisema. "Huu umeshakunywa sabuni, utaitapika mpaka masika." Kuku nao waliyasusia yale maji siku mbili nzima.

Kwa hiyo silikimbilii tangi na maji. Kwanza nalisoma. Kwenye kioo cha mbele cha hili la kinyozi mlikuwa na mistari minne ya ukoko mweupe, mmoja juu ya mwingine, kama alama za maji ya bamvua kwenye ngazi za gati. Maji ya visima vingi vya Dar es Salaam ni magumu, yana chokaa, na mengine yana chumvi kabisa. Joto likiyakausha, maji huenda zake na chokaa hubaki. Mwenye tangi akizidi kuongeza maji ya kisima bila kupunguza yale ya zamani, chokaa hujilimbikiza kama deni la dukani. Mstari wa chini ndio uliokuwa mnene kuliko yote. Nikajua kwamba mwishoni yule aliyekuwa akilitunza alichoka, akayaacha maji yashuke. Pembe ya kushoto silikoni ilikuwa imeshika rangi ya buluu, na buluu hiyo naijua: ni dawa ya methilini buluu, ambayo hutia silikoni doa lisilotoka. Kumbe samaki waliugua, na mtu alihangaika kuwatibu. Katikati ya kioo palikuwa na mkwaruzo wa nusu duara, kazi ya sponji lililonasa punje ya mchanga. Huo hauna dawa. Utageuziwa ukutani.

Lile doa la buluu ndilo lililoamua kazi yote. Tangi ningelitoa kwa mtu ambaye samaki wake ni wazima na wanene, ningeliosha kidogo sana, na baadhi ya vitu nisingeviosha kabisa. Hili lilitoka kwenye msiba. Lilitaka kuoshwa kama vyombo vya mgonjwa.

Nilililaza kwa ubavu juu ya godoro kuukuu, kioo cha mbele kikiwa chini, nikachana kanga iliyochakaa hata jina lake halisomeki, nikavilowesha vipande kwa siki na kuvitandaza juu ya ukoko, kisha nikafunika kwa mfuko wa plastiki siki isikauke. Siki ya dukani ni asidi ya asetiki, nguvu yake kama asilimia 5 tu. Ukoko ule ni kalsiamu kaboneti, ndugu wa chaki, wa ganda la yai na wa mawe ya matumbawe yaliyojenga miji yetu ya pwani. Viwili hivyo vikikutana hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, na ukiinamisha sikio karibu utasikia mchirizo mdogo, kama soda inayomiminwa chumba cha jirani. Nililala, siki ikafanya kazi. Watu wenye haraka huanza na wembe: ukoko ni mgumu, wembe unaruka, kioo kinapata jeraha. Siki itangulie, wembe uje kumalizia.

Na wembe nao una adabu zake. Kioo kiwe kimelowa. Wembe ulale, usisimame. Usukumwe upande mmoja tu, usirudishwe kinyumenyume, kwa sababu ni katika kurudi ndipo punje hunaswa chini yake. Ukikaribia pembe, acha upana wa kidole, maana wembe unaokata ukoko hukata silikoni kwa urahisi zaidi, nawe hutajua mpaka sakafu ilowe. Tangi la plastiki ngumu usilisogelee na wembe kabisa. Mkono ukishazoea, sikio ndilo linalosimamia kazi: ukoko ukiwa bado upo, wembe hukwaruza kama kiatu kwenye changarawe, ukiisha, unateleza kimya. Kimya kile nakitafuta kioo chote, shubiri kwa shubiri, na nikikipata huwa sina hamu ya kunyanyuka.

Pampu ya chujio ilinipa kicheko. Ukifungua kifuniko chake unakuta panka dogo lililoshikana na sumaku, linazunguka kwenye kijiti chembamba cha kauri. Hakuna waya unaoligusa. Koili imezikwa ndani ya gamba lake, maji hayaifikii, na umeme huizungusha sumaku kwa mbali. Ni ufundi wa kupendeza, na adui yake ni uchafu unaojisokota kwenye kijiti. Kwenye pampu za watu wengine nimetoa mizizi ya majani, konokono wadogo, hata unyoya. Kwenye hii nilivuta uzi mweusi, ukaja, ukazidi kuja: nywele. Nywele za wateja wa Temeke, miaka sijui mingapi, zimesokotwa kama uzi wa kushonea viatu. Labda na zangu zilikuwemo. Baada ya usiku mmoja ndani ya siki, mswaki wa zamani na vijiti vya pamba vya masikio, panka lilizunguka kwa pumzi ya mdomo.

Pampu ya hewa ilikuwa hai ila kiwambo chake cha mpira kimepasuka; kiwambo kipya ni cha bei ndogo. Mipira yote nilitupa. Nilinunua na kile kidude cha kuzuia maji yasirudi nyuma, kwa sababu umeme ukikatika maji ya tangi hupanda mpira na kushuka ndani ya pampu iliyo chini yake, nasi kwa habari ya umeme hatulali na uhakika. Hita nilimrudishia kinyozi kwa simu: aje aichukue. Kwa mtu wa Njombe au wa Limuru ina maana. Dar es Salaam, kuuza hita ya samaki ni sawa na kumuuzia Mpemba karafuu.

Kilichofuata ni klorini, na hapa naomba msomaji asichezecheze. Dawa ya madoa ya nguo nyeupe, ile isiyo na manukato wala sabuni ndani yake, naichanganya sehemu 1 kwa sehemu 20 za maji, navizamisha vyombo vigumu nusu saa, kisha navisuuza, navilowesha kwenye maji yenye dawa ya kuondoa klorini, navianika. Mlolongo ni rahisi. Hatari iko kwenye mpaka wa siki na klorini. Kwenye tangi langu la pili nilikuwa na pupa. Nilimimina dawa ya madoa kwenye ndoo ambayo chini yake ilikuwa imebaki siki ya asubuhi. Vikikutana hivyo viwili hutoka gesi ya klorini yenyewe, ileile iliyofunguliwa juu ya mahandaki ya Ypres mwezi Aprili 1915. Yangu ilikuwa kidogo, uani, na upepo wa kusi ulikuwa unavuma. Hata hivyo nilikohoa siku tatu, na tangu hapo ndoo ya siki na ndoo ya klorini haziishi ukuta mmoja.

Pamoja na ukali wake wote, klorini si mfalme wa kila kijidudu. Kuna bakteria anayeitwa Mycobacterium marinum, wa ukoo mmoja na wa kifua kikuu, anayekaa kwenye matangi ya samaki na kwenye ule utando telezi wa kuta zake. Akipata mchubuko kwenye mkono wa mtu huacha kidonda kinachochukua miezi kupona, na daktari mjuzi akikiona atauliza kama nyumbani kuna samaki. Huyu ni sugu kwa dawa nyingi. Ndiyo maana nasugua nikiwa na glavu, ndiyo maana sponji la kinyozi lilikwenda jalalani bila kujadiliwa, na ndiyo maana baada ya klorini vyombo vyangu hukaa juani siku kadhaa, vikauke hadi kwenye vifundo. Vimelea wengi wa samaki hawana ubavu mbele ya ukavu. Yule wa madoa meupe, anayesumbua kila mfugaji, akitoka majini bila kumpata samaki wa kumng'ang'ania humalizika upesi.

Naosha hata kimia cha kuvulia. Watu hucheka. Lakini kimia kilicholowa ndicho kinachobeba ugonjwa kutoka tangi hadi tangi, na kuna matangi ambayo yasingestahimili ugeni huo; habari yake inaanzia kwetu. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960. Ilipofika miaka ya 1980 furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi waliojaa ziwani, walikuwa wameporomoka, na wanasayansi hukadiria kwamba aina zipatazo 200 zilitoweka. Waliokuwa wakiwachunguza kutoka Chuo Kikuu cha Leiden, wakiwa na kambi yao Mwanza, walishuhudia anguko hilo nyavu zikiwa mkononi. Baadhi ya furu walikuwa wameshapelekwa ng'ambo wakiwa hai, na zipo aina ambazo kwa miaka mingi zimeendelea kuzaliana ndani ya kioo tu, Ulaya na Marekani, kwa mikono ya watu ambao wengi wao hawajaiona Mwanza. Nikiwafikiria watu hao, siwafikirii wakiwatazama samaki. Nawaona wakisuuza vimia.

Sasa nifike kwenye lile ambalo hunichukua muda mrefu kuwaeleza watu: kisichooshwa.

Samaki hutoa amonia, hasa kupitia matamvua, na amonia humuua. Ndani ya chujio la tangi lililokomaa huishi bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki huivumilia. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alifaulu kuwatenga viumbe hao na kuonyesha kuwa kazi hiyo ni riziki yao. Vitabu vya ufugaji vikakariri jina la Nitrobacter kwa miongo mingi, hadi mwaka 1998 ilipoonyeshwa kwamba kwenye matangi ya maji baridi mwenye zamu ya pili ni mwingine, Nitrospira. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti yakatangaza kuwa ipo Nitrospira inayofanya zamu zote mbili peke yake, na kundi moja lilimpata kiumbe huyo kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki. Karne moja na robo watu wanachungulia tope la chujio, na tope bado lina habari mpya.

Maana tope ndilo lenyewe. Ule udongo wa kahawia unaotelezateleza kwenye sponji la tangi lenye afya, ambao mke wa mtu yeyote angeutupa, ndio nyumba ya wafanyakazi hao. Tangi langu la tano nililitoa kwa mzee mmoja wa Upanga aliyekuwa anahama. Mzee muungwana: hakutaka kunipa kitu kichafu. Kabla sijafika alikuwa amechemsha maji, akaosha sponji na changarawe yote mpaka vikanukia mvuke. Nilipokea kwa mikono miwili, nikajaza maji, nikaingiza samaki wiki ileile kwa imani kwamba tangi lilikuwa linafanya kazi hadi jana yake. Wema wake ulinigharimu samaki tisa. Sikumwambia. Angeniomba radhi, na radhi ya mtu aliyeosha sana ni ngumu kuipokea.

Wazee wa Lamu walilijua hili bila darubini. Katika nyumba kongwe za mawe, chooni hujengwa birika la maji la chokaa, na ndani yake walifugwa samaki wadogo ili wale viluwiluwi vya mbu. Sakafuni mwa birika fundi alipachika bakuli la kaure, lile lililokuja na majahazi kutoka mbali. Siku ya kulikausha birika lisafishwe, maji yalitolewa, kuta zikasuguliwa, na samaki wakabaki palepale chini, ndani ya bakuli, kwenye maji yao ya zamani. Nimelitazama bakuli la namna hiyo kwa muda mrefu kuliko adabu ya mgeni inavyoruhusu. Msafishaji alisugua kila kitu hadi kwenye ukingo wa lile bakuli, akasimama. Ufundi wote ninaojaribu kuusema hapa uko kwenye ule ukingo.

Kwa tangi la kinyozi sikuwa na bakuli la kubakiza, kila kitu kilikuwa mfu. Nikaendelea. Silikoni ya pembe ya nyuma ilikuwa imeanza kubanduka. Kishawishi ni kupaka mpya juu ya kuukuu. Haikamati, na mwaka hauishi utakuwa unakausha zulia. Nilikata utepe wote wa ndani, pembe zote, nikaacha ule unaoshika kioo kwa kioo, nikafuta kwa spiriti, nikapaka mpya isiyo na dawa ya ukungu. Ikikauka na kukaza, silikoni ya aina hiyo hutoa harufu ya siki, na ni siki kweli, asidi ileile ya asetiki ikijitoa. Nilicheka peke yangu. Majuma mawili nanukia siki kwa kubomoa, sasa nanukia siki kwa kujenga.

Mchanga niliuosha kwenye ndoo, kidogokidogo, mara kumi na tisa, kwa kuhesabu. Kazi hii haina la kusimulia. Mgongo unauma, maji ni tope, kisha ni chai ya maziwa, kisha ni maji ya wali, kisha siku inaisha. Niseme tu kwamba maji ya kuoshea tangi sijayamwaga mtaroni. Mwaka 1984 mwani wa matangini uitwao Caulerpa taxifolia ulionekana baharini chini ya Makumbusho ya Bahari ya Monaco, ukaenea pwani za Mediterania. Ulipojitokeza California mwaka 2000, watu waliufunika kwa maturubai na kuusukumia klorini chini yake, wakaja kutangaza ushindi mwaka 2006. Sisi wenyewe magugu maji ya Ziwa Victoria yametufundisha. Maji ya mchanga nayapa migomba.

Makombe ndiyo yaliyonifanya nifikiri. Samaki niliowaandalia nyumba hii ni wa Ziwa Tanganyika, Lamprologus ocellatus, hawazidi vidole viwili kwa urefu, na wanaishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Ziwani kule, kuanzia Kigoma hadi Zambia, kuna sehemu za sakafu zilizotandazwa makombe ya Neothauma, konokono asiyepatikana ziwa lingine, nao samaki hawa huyafukia mchangani wakabakiza mlango tu. Huko Ujerumani kuna watoto wa shule wanaowajua kwa jina. Kigoma mjini nimeuliza sokoni nikaangaliwa kama mtu anayetafuta dagaa wa kufuga. Maji yao ni magumu na ya alkali, pH karibu 9, kwa hiyo maji magumu ya kisima, kama yale yaliyomshinda kinyozi, kwa hawa ni maji ya nyumbani.

Nilikuwa na makombe kumi na mawili ya mtumba, yamevaa ukungu wa kijani, na mkono ukaenda wenyewe kwenye chupa ya siki. Nikajizuia chupa ikiwa imeshafunguliwa. Kombe ni ukoko uliojengwa kwa ustadi, basi, kalsiamu ileile. Siki ingelimenya kama yai la somo la sayansi, na kingo zake zingekuwa kali za kumchana samaki anayeingia kinyumenyume. Nikayachemsha dakika ishirini, nikayatikisa moja moja hadi maji yaliyotoka ndani yakawa meupe. Katika moja mlikuwa na mifupa ya samaki, midogo kama nyuzi za machungwa. Nililitikisa kwa upole zaidi kuliko mengine, bila sababu.

Usiku wa kujaribu kama tangi linavuja sijawahi kulala vizuri. Nililipandisha juu ya meza, nikapima kwa timazi ya maji ya fundi mwashi, nikatandika magazeti makavu chini na pembeni, nikajaza. Lita 112 ni kilo 112, zaidi ya gunia la mchele, na zote zinasukuma kuta nje kwa wakati mmoja. Kioo hujipinda kidogo. Usipolijua hilo utapiga kelele. Mtu huondoka, hurudi, hupapasa gazeti. Saa nane usiku nililikuta gazeti limelowa kwenye kona, moyo ukanidondoka, kumbe ni glasi yangu ya maji niliyoiweka hapo. Asubuhi lilikuwa kavu. Jioni pia. Nilisubiri hadi saa 48, ingawa 24 zingetosha.

Jirani yangu, mama mwenye genge mkabala na geti letu, alikuwa amefuatilia kila hatua kutoka nyuma ya mafungu yake ya nyanya. Aliona siki, kanga, ndoo kumi na tisa za mchanga. Siku ya mwisho akavuka barabara kuja kuona matokeo, na kwa kweli palikuwa na cha kuona. Kioo hakikuonekana, maji yalisimama hewani yenyewe, mchanga mweupe chini, makombe kumi na mawili, pampu iking'ong'ona. "Mashaallah, jirani," alisema. "Haya ningekunywa."

Dakika hiyohiyo bodaboda akafika kutoka Mbezi na mfuko niliokuwa nikiungoja. Mfugaji mmoja mwenye tangi la miaka sita alikuwa amenikatia kipande cha sponji lake, akakitia kwenye maji yake ya zamani na kuujaza mfuko hewa, kwa sababu wale wafanyakazi wanapumua pia, na foleni ya Morogoro Road haijali. Nilifungua, nikalinusa: udongo wa msituni baada ya mvua, si uvundo. Zima. Nikaingiza mkono hadi kwenye kiwiko ndani ya yale maji ya kunyweka, nikalikamua.

Wingu la kahawia likatoka kati ya vidole vyangu, likapanda, likatanuka, likaanza kushuka juu ya mchanga na kwenye milango ya makombe.

"We jirani!" Mama alishika kichwa. "Majuma matatu unaosha, leo unamwaga tope?"

"Subiri," nilimwambia, "bado lina kidogo." Nikalikamua mara ya pili.